Miezi saba iandike miezi saba

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu. Unasema unajaza maombi ya kazi, kuna sehemu wanataka ueleze maadili yako binafsi na yametoka wapi, umekwama, maana kila ukianza kuandika unaona ni maneno ya mama, ya walimu, ya dini, hamna lako hata moja. Alafu mwishoni ukagusia kwamba marafiki wanakushauri ile miezi saba uliyofanya kazi uiandike miaka miwili, eti kila mtu anafanya hivyo. We umeleta kama maswali mawili, mi naona ni moja.

Usione aibu kwamba maadili yako yametoka kwa watu, yatoke wapi sasa? Ulikuwa na miaka mitano ukaja nyumbani na penseli ya mwenzako, nikakushika mkono tukairudisha, ukalia njia nzima. Siku ile uaminifu ulikuwa wangu, we ulikuwa unaniogopa tu. Lakini ulivyokuwa chuo mkapewa maksi za kazi ya kikundi ambayo we uliumwa na hukuigusa, ukaenda mwenyewe kwa mwalimu ukasema ukweli na maksi zikapungua, hapo nani alikutuma? Mi nilikuja kusikia baadaye. Hilo ndo lako, na hilo ndo la kuandika kwenye fomu, sio "mimi ni mwaminifu na mchapakazi" ambayo kila mwombaji anaiandika.

Sasa jamii hiyohiyo iliyokufundisha kusema kweli ndo inakwambia ongeza miezi. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, miaka ya 1950 aliwapa vijana wa chuo kazi rahisi kabisa ya kusema mstari upi unalingana na upi, ila wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo. Karibu robo tatu ya waliopimwa walifuata mkumbo angalau mara moja, na mstari wanauona kwa macho yao! Ila akiwepo hata mmoja tu wa kusema jibu la kweli, waliofuata mkumbo walipungua sana. Nakuandikia ili usiwe peke yako chumbani.

Mi mwenyewe nimewahi kufuata mkumbo. Kwenye kazi yangu ya kwanza ilipitishwa karatasi ya mahudhurio ya semina ambayo haikufanyika, wote wakasaini, nikasaini. Hakuna aliyenikamata, lakini mpaka leo nikiona karatasi ya mahudhurio naikumbuka ile. Miaka baadaye kwenye usaili nikaulizwa nimewahi kufanya nini kazini ninachojutia, nikaisema hiyo na nikasema kwamba tangu hapo sisaini nisichokiona. Wakaandika kitu, kazi nikapata, sijui kama ni kwa ajili hiyo, ila nilitoka mle ndani nimepumua.

Na usidhani uongo wa kwenye CV unaisha ukishaajiriwa. Marilee Jones alikuwa mkuu wa udahili pale MIT, chuo kikuu maarufu cha Marekani, aliingia chuoni hapo 1979, kazi anaijua na watu wanampenda, 2007 ikagundulika digrii alizoandika hana, akajiuzulu, miaka 28 imeishia hapo. Mi kinachoniumiza ni kwamba aliiweza ile kazi bila hizo digrii.

Tena we wanakushauri uongopee kitu chepesi kuliko vyote kuangaliwa. Mwajiri akipiga simu ulikotoka, mara nyingi anauliza cheo chako na tarehe ulizoanza na kuacha, basi. Na fomu nyingi pale chini unaposaini zinasema ukigundulika umedanganya unaweza kufukuzwa hata kama ulishaanza kazi, soma vizuri. Kwa hiyo miezi saba iandike miezi saba, alafu chini yake eleza ulichofanya, zile ripoti ulizoandaa kila wiki, yule mgeni wa kazi uliyemfundisha. Miezi saba iliyoelezwa vizuri inasomeka kuliko miaka miwili mitupu.

Kwenye usaili wanaweza kukuuliza bosi akikwambia ubadilishe namba kwenye ripoti utafanyaje. Usikimbilie "mi siwezi kamwe", kila mtu anasema hivyo. Sema utamuuliza kwa nini, utamweleza kwamba hizo namba zina jina lako, na akikazania utampelekea nani. Alafu wape ile ya maksi, hali ilikuwaje, ulifanya nini, ikaishaje, usiipambe.

Nitumie ukimaliza niisome kabla hujaituma. Na yule bosi wako wa hiyo miezi saba mpigie leo umwombe awe mdhamini wako, usimwandike bila kumwambia, na umtajie tarehe zenyewe ili akipigiwa mseme kitu kimoja.

Mama yako