Shangazi, upepo umenijaa tumboni

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi ya zamu kwenye kituo cha simu Westlands, naishi Umoja. Tangu baridi ya Juni ianze ngozi imenikauka, tumbo linajaa gesi, choo kigumu, na usiku nashtuka saa tisa nikiwa na mawazo chungu nzima. Mtandaoni nimeambiwa nina vata. Nimekuwa nikila kachumbari na matunda pekee ili nijisafishe, lakini nazidi kukonda. Kuna muuzaji anataka shilingi elfu sita kwa kopo la unga kutoka India. Ninunue?
Binti wa Umoja

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo elfu sita kaa nazo.

Vata si ugonjwa. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, husema kila mtu ana dosha tatu, yaani nguvu za mwili: vata, pitta na kapha, kila mmoja kwa kiasi chake. Vata ni ya hewa na uwazi: kavu, baridi, nyepesi, haitulii, na makao yake makuu ni utumbo mpana. Hata hiyo saa tisa yako imo, kwa kuwa saa nane usiku mpaka alfajiri huhesabiwa kuwa wakati wake.

Dawa yake ni kinyume chake. Wewe ukavu na baridi unaviongezea kachumbari! Kula chakula cha moto, laini, chenye mafuta kidogo. Mimi niliyezeekea kwenye viungo hapa Ngara ningekupikia wali na ndengu zilizokobolewa katika sufuria moja, mpaka virojeke, kisha nikaange bizari nyembamba na tangawizi kwa samli nimwagie juu. Majirani zangu Wahindi huuita khichdi na humpa hata mgonjwa. Githeri usiiache, ila loweka maharagwe usiku kucha na uyapike yaive kabisa. Mahindi choma na bisi zipumzishe kwanza. Uji wa wimbi nao huhesabiwa mkavu, basi utie maziwa na samli.

Jioni, weka kichupa cha mafuta ya simsim ndani ya maji moto, ujipake mwili mzima, nyayo usizisahau. Kaa robo saa ndipo uoge. (Sakafu ya bafu itateleza, nimeshaona watu wakianguka.)

Kubwa kuliko yote ni saa. Zamu huwezi kuibadilisha, najua, lakini mlo wa kwanza baada ya kuamka uwe na wakati wake, hata kama umeamka saa saba mchana.

Kuhusu kopo: mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa Boston, Marekani, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Usinywe unga usiojua umetoka kiwanda gani.

Na kukonda huko sikupendi. Dosha haipimwi maabara, lakini sukari na tezi ya thairoidi hupimwa. Nenda hospitali wiki hii, samli itakungoja.

SWALI: Mafuta ya nazi yanaweza kushika nafasi ya simsim?
Baba Njeri, Kasarani

JIBU: Kwa Ayurveda nazi hupoza, simsim hupasha. Januari jua likiwaka, jipake nazi, ndugu yangu. Julai hii, simsim.