Jibu: Mgeni kaibiwa pasipoti, ubalozi utamsaidia nini?

Ndugu uliyeuliza, umesema mgeni wako Mjerumani kaibiwa mkoba, na unataka kujua kama ubalozi wao utampa nauli na kumlipia chumba. Mie naendesha nyumba ya wageni hapa Malindi, upande wa Casuarina, na visa hivi si vigeni kwangu. Mweleze mapema kwamba kazi ya ubalozi ni karatasi na mawasiliano. Watamsaidia kuwapata jamaa zake wamtumie hela. Ikishindikana kabisa, Wajerumani humkopesha raia wao, na akifika kwao atalipa.

Anzeni polisi. Chukueni namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituoni) na abstrakti (karatasi ya polisi ya kuonyesha mmeripoti), maana popote mwendapo mtaulizwa. Halafu apige simu ubalozini Nairobi kabla hajapanda basi, aulize miadi na vitu vya kubeba.

Picha za hati mpya ndizo huchelewesha watu. Nilimpeleka mgeni wangu Mmarekani studio, kijana akashika mkasi akate saizi aliyoizoea. Nikamzuia: Marekani wanataka mraba wa inchi 2 kwa 2, Wajerumani milimita 35 kwa 45. Akatoa rula, akapiga mstari wa penseli, ndipo akakata.

Hati ya dharura, ile ubalozi humpa asafirie badala ya pasipoti iliyoibwa, ni ya muda mfupi, na si kila nchi huipokea. Kama ndege inapitia Dubai au Doha, aulize shirika la ndege kwanza. Tena, tangu Januari 2024 wageni huingia Kenya kwa eTA (kibali cha kusafiri kinachoombwa mtandaoni), nayo imefungwa na namba ya ile pasipoti iliyoibwa, kwa hiyo apitie uhamiaji na abstrakti yake kabla ya siku ya kuondoka.

Waitaliano wana nafuu, wamezoea kuwa na konsuli wa heshima, yaani mwakilishi mdogo wa nchi yao, papa hapa mjini. Raia wa Umoja wa Ulaya ambaye nchi yake haina ubalozi Nairobi anaruhusiwa kubisha kwa ubalozi wa mwanachama mwingine. Wengi wao wenyewe hawalijui hili!

Kuna na mwingine aliyeuliza kama ubalozi utamtoa mgeni aliyekamatwa na polisi: ubalozi haumtoi ndani. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa haki ya kuwajulisha watu wake, nao huja kumwona na kumpa orodha ya mawakili. Wakili anajilipia.

Kuhusu chumba, hayo ni yako na yeye. Wangu nilimwacha alale, akalipa siku dada yake alipomtumia hela.