Kona au e-Niro? Tulivyochagua kati ya gari mbili za umeme zenye betri ile ile

Tangu tuchukue gari ya umeme mwezi wa tano 2025 ndugu wengi wa huku Northampton, Uingereza, wananiuliza swali moja tu, kaka mi nina paundi elfu 13, nichukue Kona au e-Niro? Kila mara naishia kuongea nusu saa kwenye simu, kwa hiyo leo naandika yote, ukiniuliza tena nakutumia hii usome.

Kwanza elewa kwamba Hyundai Kona ya umeme na Kia e-Niro ni ndugu wa tumbo moja. Zile zenye betri kubwa zote zina kilowati saa 64, mota ni ile ile ya nguvu farasi 204, zote zinavuta kwa matairi ya mbele na zote tundu la chaji liko mbele puani. Mwendo wa kwenye makaratasi ni maili 280 hivi kwa chaji moja, na zote zikifika kwenye chaja ya haraka hazivuti umeme kwa kasi sana, haifiki kilowati 80, kwa hiyo kutoka asilimia 10 mpaka 80 hesabu robo tatu ya saa. Mi nilikaa wiki mbili nzima usiku naangalia video nalinganisha namba, na namba zinafanana, ningekaa hata mwezi nisingepata jibu. Ila kuwa makini na bei nzuri kupita kiasi, manake zote mbili zipo pia za betri ndogo ya kilowati saa 39, ukiona ni rahisi sana uliza betri ya ngapi kabla hujapanda treni kwenda kuiona.

Jibu lilikuja siku tulipoenda kuziona na familia nzima. Mama mkwe alikuwa amekuja toka Tanga na magoti yanamsumbua, watoto ni watatu, mmoja bado wa kiti cha mtoto, na mke wangu akasema tunabeba na sufuria lile la pilau, lile kubwa la shughuli, maana sisi kila wikiendi kama si harusi ni arobaini, Leicester, Birmingham, Manchester, na sufuria ndo linatangulia. Basi kwenye Kona sufuria likaingia buti lakini kigari cha mtoto kikabaki nje. Buti yake ni lita 332, ya e-Niro ni lita 451, ukisoma unaona tofauti ndogo ila ukiwa umesimama pale na mizigo mkononi unaelewa. Kule nyuma ndo kabisa, Kona ni fupi, ina mita 4.18 na e-Niro inakaribia 4.4, ule urefu umeenda kwa abiria wa nyuma. Mama alikaa kwenye Kona akanyamaza, ni mtu wa heshima hawezi kulalamika mbele ya mkwe, lakini nikaona magoti yamegusa kiti cha mbele. Kwenye e-Niro alikaa akanyoosha miguu akasema "hapa nafika hata Scotland baba". Kwangu pale ilikuwa imeisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, usiende kujaribu gari peke yako na mfuko mtupu. Nenda na watu watakaopanda na vitu utakavyobeba, hata kama muuzaji anashangaa, we lipa hela yako kwa raha.

Sasa waranti, na hapa watu wanapoteza hela nyingi. Kia huku Uingereza wanatoa miaka 7 au maili laki moja. Hyundai ni miaka 5, betri wao wanaipa miaka 8. Sasa chukua gari zote mbili za mwisho wa 2020 kama tulizoziona sisi, Kona ilikuwa imebakiza miezi michache kwenye vitu vingine vyote na e-Niro ilikuwa na miaka 2 na ushee, na bei zilipishana paundi 300 tu! Hiyo miaka miwili ni amani ya moyo, kitu kidogo tu cha umeme kikifa nje ya waranti kinaweza kula mshahara wa mwezi. Lakini usichukue neno la muuzaji, mmoja alituambia waranti ipo yote, tulipoomba rekodi za sevisi akaanza kuzunguka zunguka, tukaondoka. Omba rekodi zote uzione kwa macho.

Na kama roho yako iko kwenye Kona ni sawa ni gari nzuri, ila kumbuka mwaka 2021 Hyundai walitangaza kurudisha magari kama elfu 82 duniani, mengi yakiwa hizo Kona za umeme, sababu betri zilikuwa na hatari ya kushika moto, wakabadilisha. Ukiingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali unaona bure historia ya ukaguzi wake na kama kuna marekebisho hayajafanywa. Ambayo betri ilishabadilishwa mi naona ni bahati, umepata betri ya umri mdogo kuliko gari.

Chaji ndo itaamua kama utafurahia au utajuta, na hapo haijalishi umechukua ipi. Sisi tuna sehemu ya kuegesha nyumbani, tukaweka chaja ya ukutani ya kilowati 7 na mpango wa umeme wa usiku, pensi 7 kwa yuniti (yuniti ni kilowati saa moja), yani kujaza kuanzia sifuri haifiki hata paundi 5. Njiani kwenye chaja za haraka nimeshalipa pensi 79 kwa yuniti, piga hesabu mwenyewe. Kodi ya VAT kwenye umeme peke yake nyumbani ni asilimia 5 na njiani ni 20. Kama unakaa fleti na huna pa kuchomeka, nakuomba kabisa kama ndugu, tafuta kwanza pa kuchaji ndo uongelee gari, usije ukabeba mkopo afu kila siku uko kwenye foleni ya supamaketi. Pia toka Aprili 2025 gari za umeme nazo zinalipa kodi ya barabara, za umri huu mwaka 2025 ilianza na paundi 195 kwa mwaka, iweke kwenye bajeti.

Baridi nayo inakula. Majira ya joto tulikuwa tunaona maili 250 na zaidi, Januari na hita imewashwa na watu watano ndani kwenye barabara kuu ya M6 ni 190 mpaka 200. Kwa Manchester ni maili 130 na kitu, kwenda ni raha, kurudi tunachaji dakika 30 watoto wanakula chips. Kuna zenye mfumo wa hiti pampu unaopasha ndani kwa umeme kidogo, haumo kwenye kila gari, uliza hiyo hiyo unayonunua.

Kama uko mwenyewe au mko wawili, unazunguka mjini na kuegesha ni shida, chukua Kona usiwaze. Mkiwa watano na sufuria, e-Niro.

Na kabla ya kusaini mwambie muuzaji afungue buti akuonyeshe waya zote mbili, ya soketi ya kawaida na ile ya chaja za mtaani. Yetu ilikuwa na moja tu, tukasema hatulipi mpaka ya pili ije, ikaja baada ya siku mbili.