Kauli ya askari: namna ya kusema barabarani, kaunta na kwenye redio

Vijana wanaojiandaa kwenda depo, yaani kambi ya mafunzo ya polisi, huuliza sana kuhusu mbio, gwaride na shabaha. Ni sawa, lakini ukishapangiwa kituo, sehemu kubwa ya zamu utaitumia kuzungumza na dereva, mlalamikaji, shahidi, mtuhumiwa, au mwenzako aliye upande wa pili wa redio. Huko ndiko kesi nyingi nzuri zinakoharibikia.

Tuanze na amri. Toa amri moja kwa wakati, na iwe ya kitendo unachoweza kukiona kwa macho. "Tulia!" haimsaidii mtu aliyepandwa na hasira, kwa sababu hajui afanye nini ili uone ametulia. "Kaa kwenye benchi hili" anaielewa. Hatari zaidi ni amri mbili zinazogongana: "Usisogee! Toa kitambulisho!" Kitambulisho kipo mfukoni. Akipeleka mkono mfukoni amevunja amri ya kwanza, na askari mwenzako hajui kama kinachotoka ni kitambulisho au kisu. Sema, "Nataka kuona mikono yako. Kitambulisho kiko wapi?" Akishajibu ndipo useme, "Kitoe polepole." Mkiwa wawili, azungumze mmoja tu, mwingine atazame mikono. Kabla ya kurudia amri, hesabu kimoyomoyo hadi tatu, maana mtu aliyeshtuka huchelewa kuelewa hata kama amesikia.

Barabarani, mpangilio wa maneno ni salamu, jina na cheo chako, sababu ya kumsimamisha, kisha ombi. "Habari za mchana. Naitwa Koplo fulani, usalama barabarani. Nimekusimamisha kwa sababu umepita taa nyekundu pale makutano. Naomba leseni." Usianze na "Unajua kosa lako?" Swali hilo linamwita dereva kwenye mabishano, na akikisia kosa jingine mtaanza kubishania mawili. Dereva akiwa mtu mzima, mpe shikamoo. Haipunguzi mamlaka yako hata kidogo. Kama ana abiria au watoto wake, mshushe mzungumze pembeni. Mtu anayegombezwa mbele ya mwanawe atajitetea hata pale ambapo angekubali kosa.

Kwenye maelezo ya shahidi ndiko kunakohitaji uvumilivu zaidi. Mwache asimulie mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, hata akizunguka, ndipo urudi nyuma kuuliza. "Alivaa shati jekundu, siyo?" ni swali linalompa jibu mdomoni, na wakili atalikamata. Uliza, "Alivaa nini?" Kisha kuna mambo ambayo mazoea yetu ya kuzungumza huyaficha. Shahidi akisema "saa mbili", muulize ni asubuhi au usiku. Halafu kama unaandika kwa mfumo wa saa 24, saa mbili usiku ni 20:00, siyo 02:00. Kosa la saa sita linatosha kumpa mtuhumiwa ushahidi wa kwamba hakuwepo. Akisema "kaka yangu", uliza kama ni wa tumbo moja au ni mtoto wa baba mdogo. Na akisema "alimpiga, akakimbia, akamfuata", simama hapo umtake ataje kila mtu kwa jina au kwa alama, la sivyo hutajua nani alipiga na nani alikimbia. Mwisho msomee alichosema, kwa sauti na taratibu, arekebishe.

Unapomkamata mtu, mwambie sababu kwa lugha anayoielewa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, Sura ya 20, inataka hivyo. Sheria hiyo inaweka saa 4 kuwa muda wa kawaida wa kumhoji aliye chini ya ulinzi, kwa hiyo dakika unazotumia kufoka unajinyima mwenyewe. Kwenye maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha baada ya kuonywa kuhusu haki zake, usitosheke na "ndiyo, nimeelewa". Mwombe aseme kwa maneno yake ameelewa nini kuhusu haki yake ya kukaa kimya. Na usiahidi kamwe "ukisema ukweli tutakuachia", kwa sababu ahadi kama hiyo, sawasawa na vitisho, inaweza kufanya mahakama iyakatae maelezo yote.

Redio ina ugonjwa wake. Askari hubonyeza na kusema papo hapo, na neno la kwanza linakatika. "Hakuna silaha" inafika kituoni ikiwa "silaha". Bonyeza, subiri sekunde moja, ndipo useme: unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi, kuna nini, unahitaji nini. Herufi za namba ya gari zitaje kwa maneno ya alfabeti ya redio (A ni Alfa, B ni Bravo, C ni Charlie), kwa sababu B na D, au M na N, hazitofautiani redioni. Tarakimu zitaje moja moja, na aliyepokea azirudie zote.

Kwa mazoezi, chukua simu, keti na mwenzako acheze dereva mkorofi, mrekodi mazungumzo ya dakika tano. Mkisikiliza, andikeni kila amri uliyotoa na alichofanya yeye baada ya kila moja. Amri ambayo haikufuatwa na kitendo, itungeni upya kwa maneno machache zaidi, mrudie tena mkiwa mmesimama, upepo wa barabarani ukivuma.