Maswali ya Wasomaji: Je, hadithi ya mapenzi humrudishia mtu kumbukumbu?

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Majengo, Moshi. Mama mkwe wangu ana ugonjwa wa kusahau, na tangu mwaka jana tunaishi naye hapa mjini pamoja na baba mkwe, baada ya kuwateremsha kutoka Mwika. Majuzi binti yangu alituwekea filamu ya The Notebook, ambamo mzee anamsomea mkewe hadithi ya ujana wao mpaka mke anamkumbuka. Baba mkwe hajui Kiingereza lakini alielewa yote, na sasa kila jioni anakaa barazani akimsimulia mama jinsi walivyokutana sokoni. Mama husikiliza hadi mwisho, kisha humwuliza, “Na wewe ni mtoto wa nani?” Mzee anaumia. Je, simulizi huweza kurudisha kumbukumbu, au watengeneza filamu wanatudanganya?
Mkwe wa Majengo

JIBU: Dada yetu, pole kwa kuuguza, na umfikishie mzee shikamoo yetu. Filamu hiyo haikudanganya kila kitu, bali ilichukua ukweli mdogo ikaukuza ukawa muujiza. Katika ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906, kumbukumbu za karibuni ndizo hutangulia kupotea na za ujanani hukawia, ndiyo maana mgonjwa anaweza kusahau kwamba amekula mchana na bado akauimba wimbo wa zamani ubeti kwa ubeti. Hali yake pia hupanda na kushuka. Kilichobuniwa ni ule uhakika kwamba hadithi ikisomwa mpaka mwisho, mke atarudi. Hakuna simulizi iliyo ufunguo wa namna hiyo, na baba mkwe asijilaumu akidhani kwamba hasimulii ipasavyo.

Tazama filamu yenyewe ilivyopangwa. Ilitoka mwaka 2004, ikiongozwa na Nick Cassavetes kutokana na riwaya ya Nicholas Sparks ya 1996, na wapenzi wake wamegawanywa kwa jozi mbili za waigizaji: Ryan Gosling na Rachel McAdams ni vijana, James Garner na Gena Rowlands ni wazee. Tunaonyeshwa kiangazi cha ujana, mvua, ugomvi na mapatano, kisha tunarushwa hadi nyumba ya kutunzia wazee. Miaka ya katikati, yaani ile ya ada za shule, ya kuuguza watoto usiku na ya kununiana siku tatu kwa jambo ambalo baadaye hakuna anayelikumbuka, karibu yote imeachwa nje. Kwa maoni yangu machozi ya filamu za aina hii hutoka hapo hapo, kwa sababu mtu aliyekaa katika ndoa miaka mingi hulijaza pengo hilo kwa maisha yake mwenyewe, na kwa kazi hiyo baba mkwe hakuhitaji Kiingereza.

Rowlands, ambaye ni mama mzazi wa mwongozaji, hakuwa mgeni wa mambo haya, kwani mama yake aliugua ugonjwa huohuo. Mwezi Juni 2024, miezi miwili kabla hajafariki akiwa na miaka 94, mwanawe alieleza kwamba Rowlands naye ameupata.

Kuna jambo moja katika filamu hiyo ambalo mzee anaweza kuliiga bila hasara. Yule mume hamwambii mkewe, “Mimi ni mumeo”. Anajiita Duke na kusoma kama mgeni aliyepita kusalimia. Kwa hiyo mama akiuliza ni mtoto wa nani, mzee asimsahihishe wala asibishane naye. Ataje ukoo wake na kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha baba yake, kama alivyojibu siku ile sokoni, kisha aendelee.

Wewe mwenyewe, ukipata nafasi, itafute Away from Her ya mwaka 2006, ya mwongozaji Sarah Polley wa Kanada. Humo Julie Christie ni mke anayehamia nyumba ya wagonjwa ambayo kanuni yake inamzuia mume kumtembelea kwa siku 30, na mume anaporudi anakuta mkewe ameshikamana na mgonjwa mwingine wa kiume. Anaumia vibaya, lakini mgonjwa yule anapoondolewa na mke kuanza kudhoofika, mume ndiye anayekwenda kuomba arudishwe. Mimi naiweka juu ya The Notebook. Hata hivyo, usimwonyeshe baba mkwe.

SWALI: Kwa nini wapenzi wa filamu za Kihindi husubiriana miaka ishirini, hali huku kwetu miezi sita tu mtu ameshaoa kwingine?
Msomaji wa Sakina, Arusha

JIBU: Kwa sababu mtunzi huwajengea ukuta ambao wewe na mwenzako hamkuwa nao. Katika Veer-Zaara ya Yash Chopra, ya mwaka 2004, ukuta huo ni mpaka wa India na Pakistani: rubani Mhindi anakaa gerezani miaka 22 bila kufungua kinywa, ili heshima ya mpenzi wake isiguswe, na mpenzi huyo anaamini kwamba amekwisha kufa. Ukitaka subira isiyo ya kuigiza, sikiliza nyimbo zake. Zimejengwa juu ya tuni alizoziacha Madan Mohan, aliyefariki mwaka 1975, na mwanawe ndiye aliyezitoa na kuzifanyia kazi upya zilipokuwa zimekaa karibu miaka 30 bila kutumika.