Helikopta ya viwavi Ontario: mtoto mwenye pumu afanyweje

Dada, nimekuelewa, manispaa imekuletea barua kwamba mwezi Mei helikopta itapulizia dawa ya viwavi wa spongy moth (nondo ambaye viwavi wake wanakula majani ya miti) mtaani kwenu huko Ontario, Kanada, na una mtoto mwenye pumu. Mi nakaa huku huku na yamenikuta. Hiyo dawa ni Btk, bakteria wa kawaida wa udongoni, kiwavi mpaka amle na jani ndo anakufa, nyuki haiwadhuru ila viwavi wa vipepeo wengine nao wanakufa na hilo linaniuma. Wanapulizia alfajiri kabisa, so usiku wa kuamkia siku hiyo funga madirisha, anua nguo, toys ingiza ndani, mtoto asitoke mpaka dawa ikauke kwenye majani. Ongea na daktari wake kabla, sio siku yenyewe, na inhela iwe karibu. Viwavi wenyewe usivishike, manyoya yao yanawasha vibaya sana, mkono wangu ulivimba vipele siku tatu. Vuli angalia shina la mwaloni wako, ukiona kama kipande cha sponji rangi ya khaki hayo ni mayai, mamia humo, kwangua yote uloweke kwenye maji ya sabuni siku mbili.