Mchuzi wa mama mkwe umenichukua miaka 11

Jumapili iliyopita wifi yangu alimega mkate, akafutia sahani mpaka ikang'aa, halafu akaisogeza mbele yangu. "Niongeze." Nimeolewa Kentucky miaka 11, na neno hilo nimelisubiri miaka yote hiyo. Kwa hiyo wewe dada uliyeniandikia wiki hii kuuliza utawapikia nini wakwe zako Wamarekani, jibu langu litakuwa refu kidogo. Nivumilie.

Mimi ni mtoto wa Kibosho, Kilimanjaro. Kwetu kitimoto, nyama ya nguruwe, si kitu kigeni, na kahawa ndiyo iliyonilipia ada. Lakini kahawa ilikuwa ya kuchuma, kuanika na kupeleka chama cha ushirika. Bibi yangu hakuwahi kuitia kwenye nyama! Ndiyo maana asubuhi ya kwanza ukweni nilidhani macho yananidanganya. Mama mkwe alikaanga vipande vya paja la nguruwe kwenye kikaango cha chuma kizito, akavitoa, kisha akamimina humo kikombe cha kahawa nyeusi. Ikalia shaaa! Akakwangua ukoko kwa mwiko wa mbao, akaacha ichemke, akaonja. Basi. Mchuzi tayari.

Wenyewe wanauita mchuzi wa jicho jekundu. Hauna unga wala nyanya, ni mwepesi kama maji. Ukiumimina bakulini mafuta yanapanda juu, kahawa inabaki chini, na unaona duara jekundu linakutazama. Wapo wanaosimulia kwamba Andrew Jackson, rais wa 7 wa Marekani, alimwambia mpishi wake aliyeamka na ulevi alete mchuzi mwekundu kama macho yake. Mama mkwe anaipenda sana hadithi hiyo. Mimi naamini lile duara.

Na hiyo nyama usiifikirie kama ya buchani. Zamani, kabla ya friji, nguruwe alichinjwa baridi ilipoingia, Novemba au Desemba. Paja likasuguliwa chumvi na sukari, likalala humo wiki kadhaa, likaoshwa, likatundikwa kwenye kibanda cha moshi wa kuni za hikori, halafu likaachwa lining'inie mpaka joto la kiangazi lipite juu yake. Joto hilo ndilo linaloleta ladha. Mama mkwe anasema babake alikuwa akichoma sindano ndefu karibu na mfupa, anaichomoa, anainusa. Kwa harufu tu alijua paja limekubali au limeoza ndani.

Sasa aibu yangu. Krismasi yangu ya pili kule mama mkwe aliugua, nikasema nitapika mimi. Sikuroweka nyama. Nikaongeza chumvi. Nikaona mchuzi mwepesi mno, nikatia unga na kitunguu, maana nyumbani nilisifiwa kwa rosti. Wifi alionja kijiko kimoja, akasukuma sahani: "Huu si mchuzi wa nyumba hii." Meza nzima ilisikia, na mume wangu akanyamaza. Mpaka leo nikikumbuka kimya chake, kifua kinabana.

Miaka iliyofuata siisimulii. Nilichofanya ni kusimama jikoni kila nilipokwenda, mikono nyuma, nikitazama.

Kwa hiyo dada, roweka vipande kwenye maji usiku kucha. Usiongeze chumvi, hata chembe. Kaanga kwa moto wa kiasi, mafuta yatoke yenyewe, na kikaango usikioshe kabla ya kahawa, maana ukoko ndio mchuzi. Kahawa iwe nyeusi. Unga weka mbali kabisa! Mimina juu ya ule uji wao mzito wa mahindi meupe, ambao mtu aliyekulia ugali hatauogopa. Lakini zaidi ya yote, simama jikoni na umtazame mama. Dada zangu, tunakwenda ukweni na sifa za pilau letu, tunataka tusifiwe kabla hatujauliza hata chumvi iko wapi. Mkwe hamfundishi anayejua. Muulize sasa, akiwa bado ananyanyua kikaango, kwa sababu hakuna alipoyaandika haya. Mimi bibi yangu aliondoka na mtori wake, na hakuna nyumbani anayeupata ulivyokuwa. Hilo sitajisamehe.

Mama mkwe siku hizi miguu haimbebi. Jumapili alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mimi nikiwa jikoni. Kaka yangu alikuwa amenitumia kahawa ya shamba la baba, na ndiyo niliyoipika asubuhi ile. Nilipoimimina kwenye kikaango aligeuza kichwa, akanusa.

"Kahawa ya wapi hiyo, mwanangu?"

Nikamwambia ni ya baba. Akanyoosha kikombe chake.